Mwongozo kamili wa kutengeneza chembe za sumaku za MRI kwa protini, kuanzia tope la mikoko ya Lamu

Mwaka juzi shangazi yangu wa Langoni, Lamu, alipelekwa Mombasa kupigwa MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, na kwa vile figo zake si nzima wakamwambia ile sindano ya kontrasti ya kawaida, dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, hawamchomi, watapiga picha hivyo hivyo itoke itakavyotoka. Akarudi na swali moja tu, ananiuliza mie kwa sababu ndo mtu wa maabara kwenye ukoo: "Mwanangu, kwani hakuna dawa nyengine ya kuchoma?" Ipo, ya chuma, na hiyo ndo nlikuwa naitengeneza kila siku mpaka mikono inanuka kutu. Nilijaribu kumweleza barazani nikashindwa, nikamweleza jikoni akaelewa, kwa hiyo mwongozo huu nauanzia jikoni.

Kaimati unachota unga kwa vidole unadondosha kwenye mafuta, moja kubwa, moja ndogo, moja ina mkia, na hakuna anayejali zikishaingia shira. Vitumbua vina chuma chake, kila tundu sawa na mwenziwe, hata mpishi awe mtoto vitatoka saizi moja. Sasa kutengeneza magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, ile Fe3O4, kwa njia ya kawaida ya kuchanganya chumvi za chuma na kumwagia alkali ni kupika kaimati. Kutumia protini ni kununua chuma cha vitumbua. Basi, mengine yote huko chini ni kujua chuma gani ununue na moto kiasi gani.

Mbona saizi ina maana hivyo? Manake nguvu ya sumaku ya chembe inafuata ujazo wake, upana ukizidi mara 2 ujazo unazidi mara 8. Mashine ya MRI ya tesla 1.5 ina uga wa sumaku mkali zaidi ya mara 30,000 ya ule wa dunia, na inachosikiliza ni haidrojeni za maji ya mwilini zinavyocheza kwa pamoja kama watu wa ngoma ya kirumbizi kwenye duara. Chembe ya chuma ikiingia katikati inavuruga uga pale ilipo, zile haidrojeni za jirani zinapoteza mwendo, ule muda unaoitwa T2 unafupika na sehemu hiyo kwenye picha inakuwa nyeusi. Chembe zikiwa kaimati, hujui weusi huu ni wa chembe nyingi ndogo au chache kubwa, na hesabu ya dozi inakufa hapo. Alafu magnetaiti chini ya nanomita 20 hivi ina tabia nzuri sana, inakuwa sumaku ikiwa ndani ya mashine tu, ikitoka inasahau, kwa hiyo hazivutani zikagandana kwenye mshipa wa damu. Nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni, nasema hivyo kwa wale watakaouliza.

Na kabla hujasema haya ni ndoto, dawa za chuma za MRI zilishakuwepo. Feridex iliruhusiwa Marekani mwaka 1996, ikaachwa kutengenezwa 2008. Ferumoxytol iliruhusiwa 2009 kama dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, madaktari wakaigeuza kontrasti kwa wale wasioweza gadolinia, ile ya sindano ya kontrasti ya kawaida, ingawa 2015 ikawekewa onyo kali zaidi kwa sababu ya watu wachache wanaopata mzio mkubwa. Gadolinia yenyewe ndo ilionekana 2006 inahusiana na ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa wenye figo mbovu, na ndo maana shangazi alirudi bila sindano. Hizo za chuma zilizotangulia zimevikwa sukari kwa nje, si protini. Protini inakupa saizi, na pia inakupa mahali pa kubandika anwani, yaani kipande kinachoipeleka chembe kwenye seli unazozitaka, ntafika huko.

Hatua ya kwanza, ya bure: wakamate mafundi wenyewe

Hii hatua unaweza kuiruka ukiwa una haraka lakini mie nakushauri usiruke, kwanza haina gharama, pili ukishaona kwa macho yako hutasahau. Kuna bakteria wanaotengeneza sumaku ndani ya miili yao. Salvatore Bellini aliwaona Italia mwaka 1963, alafu Richard Blakemore akawaona upya Marekani na kuwaandika 1975. Wanaishi kwenye tope, pale oksijeni inapokaribia kuisha, na wana mnyororo wa chembe za sumaku ndani ya mwili kama dira, unawaonyesha njia ya kushuka chini.

Subiri maji yapwe, nenda ukingo wa mikoko, sisi tulienda upande wa Matondoni. Chota tope la juu tu, sentimita 5 za kwanza, ukiingia mpaka pale panaponuka yai viza ushapita sana. Jaza theluthi moja ya chupa ya lita, juu yake weka maji ya palepale (sio ya bomba, tafadhali), funika bila kukaza, weka kivulini ndani ya nyumba wiki 2 mpaka 4 na usiitikise. Watu wa nyumbani watalalamika, waambie ni elimu.

Siku ya siku chukua sumaku 2, za spika mbovu zinatosha, ziweke nje ya chupa juu kidogo ya usawa wa tope, moja imeelekeza ncha ya kaskazini na ya pili upande wa pili imeelekeza ya kusini. Ncha utazijua kwa dira ya nahodha yeyote. Hapa kuna kitu cha kupendeza, kaskazini ya dunia bakteria hawa wengi wanaogelea kuelekea kaskazini, kusini wengi wanaelekea kusini, na kwenye ikweta ya sumaku wanagawana karibu nusu kwa nusu. Ikweta ya sumaku kwa upande wetu inapita juu kule Ethiopia, kwa hiyo sisi Lamu tuko kusini yake, tazama mwenyewe upande gani utapata wengi. Baada ya saa 1 au 2 utaona kidoa cha rangi ya vumbi kwenye kioo. Kinyonye kwa pipeti taratibu, tone moja kwenye kioo cha hadubini, kuza mara 400, alafu sogeza sumaku. Wataogelea wote upande mmoja. Geuza sumaku, wanageuka wote. Kijana wa jirani yetu aliyekuja kuchungulia aliniambia "hawa wamefunzwa" na sikuwa na jibu zuri zaidi.

Wanachotupatia hawa ni protini. Mwaka 2003 Arakaki, Webb na Matunaga, samahani, Matsunaga, huko Japani waliandika kuhusu protini ndogo inayoitwa Mms6, iliyoshikamana kabisa na fuwele za bakteria wa aina ya Magnetospirillum. Upande mmoja inapenda mafuta, upande wa pili ina asidi nyingi zinazokamata chuma. Ukiiweka kwenye chupa ya kawaida bila bakteria, inaelekeza magnetaiti itoke na fuwele za nanomita 20 hivi zenye umbo linaloeleweka.

Hatua ya pili: chagua chuma cha vitumbua

Mms6 ni ya kwanza kwenye orodha lakini kwa anayeanza siipendi, ukiitengenezea ndani ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, inaganda mavimbe-mavimbe, inabidi uiyeyushe na kuikunja upya, na saizi inayotoa inaelekezwa tu, haifungiwi. Enkapsulini ni maganda ya bakteria yanayohifadhi chuma, ile ya Quasibacillus thermotolerans ina upana wa nanomita 42 na inaweza kubeba chuma zaidi ya ayoni 30,000, huko ndo nafikiri mambo yanaelekea, ila ni ya watu waliokwisha choma mikono.

Anza na feritini. Unayo mwilini sasa hivi, ni ghala la chuma. Vipande 24 vinajipanga vyenyewe kuwa mpira wenye uwazi ndani, nje nanomita 12, ndani 8, na inaingia chuma mpaka ayoni 4,500 hivi. Meldrum, Heywood na Mann walionyesha mwaka 1992 kwamba ukiitoa kile chuma chake cha kutu na kuingiza kingine kwa moto na oksijeni kidogo, inatoka sumaku ndani ya mpira, wakaiita magnetoferitini. Vipande viko vya aina 2, H na L. Chukua H cha binadamu, sio L, kwa sababu H ndo ina sehemu ya kuoksidisha chuma, na tena H inashikwa na kipokezi cha transferini (protini inayobeba chuma kwenye damu) ambacho seli nyingi za saratani wanacho kwa wingi. Kundi la Kelong Fan na Xiyun Yan huko China waliitumia 2012 kupaka rangi sampuli 474 za wagonjwa, ikazitambua za saratani bila kubandikwa chochote cha ziada.

Ukitaka kubandika anwani, bandika kwenye mkia wa N, yaani mwanzo wa mnyororo wa protini, ndo unaotazama nje ya mpira. Mkia wa C, ule wa mwisho, unaelekea ndani, ukibandika huko umeandika anwani ndani ya bahasha. Anwani iliyozoeleka ni amino asidi 3, RGD, inayoshika mishipa mipya ya damu ya uvimbe.

Hatua ya tatu: kuikuza na kuisafisha

Jeni unaagiza kwa kampuni ya kuandika DNA, imeshapachikwa kwenye plasmidi (kiduara cha DNA) ya aina ya pET, unaiingiza E. coli BL21(DE3). Kuza kwenye mchuzi wa LB nyuzi 37 pamoja na antibayotiki ya plasmidi yako mpaka spektrofotomita isome 0.6 kwenye mwanga wa nanomita 600, weka IPTG, ile inayowaamrisha bakteria waanze kutengeneza protini, 0.5 mM (milimoli kwa lita), acha masaa 4. Zungusha kwenye sentrifyuji, kusanya, pasua seli kwa mawimbi ya sauti ukiwa umezika chupa kwenye barafu, zungusha tena utupe makapi.

Sasa raha yake. Weka ule mchuzi kwenye maji ya nyuzi 65 mpaka 70 kwa dakika 10 hadi 15. Protini nyingine nyingi za bakteria zinaganda nyeupe kama ute wa yai, feritini inakaa tu haijali, imezoea joto. Zungusha, cheupe kinashuka, juu unabaki na feritini safi kwa sehemu kubwa, malizia kwa safu ya jeli ya kutenganisha kwa ukubwa. Ukiipima kwenye jeli ya SDS unataka mstari mmoja karibu na kilodaltoni 21, ndo uzito wa kipande kimoja. Ukiona mistari mingi hukupasha vya kutosha, ukiona hakuna kitu ulitupa chupa siyo (nshafanya, siku ya Ijumaa, sitaki kuongelea).

Hatua ya nne: kupika chuma, na hapa ndo kazi ilipo

Hesabu kwanza, manake watu wengi wanakosea hapa si kwenye mikono. Mlingano ni huu: 3Fe2+ + H2O2 + 2H2O → Fe3O4 + 6H+. Ayoni 3 za chuma kwa peroksaidi 1, na kila chuma kimoja kinaachia H+ mbili, yaani asidi itakuja na lazima uizime.

Tuseme una feritini mililita 8 ya miligramu 1 kwa mililita. Miligramu 8 ukigawa kwa uzito wa mpira mzima, karibu daltoni 500,000, ni nanomoli 16. Unataka chuma 3,000 kwa kila mpira, kwa hiyo maikromoli 48 za chuma. Peroksaidi theluthi yake, maikromoli 16. Alkali mara 2 ya chuma, maikromoli 96. Ukitengeneza chuma cha 12.5 mM na peroksaidi ya 4.17 mM, zote mbili utahitaji mililita 3.84 na unaweza kuzisukuma kwa mwendo mmoja kwenye pampu ya sindano, ndo uzuri wa namba hizo. Mwendo uwe chuma 100 kwa kila mpira kwa dakika, yaani dakika 30 kwa yote, mililita 0.128 kwa dakika. Alkali ya NaOH 50 mM itakunywa kama mililita 2 hivi.

Chuma ni amonia ferasi salfeti, ile ya Fe2+, miligramu 245 kwenye mililita 50, na ipime dakika hiyo hiyo unayotaka kutumia, sio asubuhi ukanywe chai urudi. Iwe na rangi ya maji, kijani kidogo sana. Ikiwa na umanjano itupe. Peroksaidi ya asilimia 30 unahitaji maikrolita 21 tu kwenye mililita 50, ila chupa ya zamani nguvu imeshakimbia, ihakikishe kwenye mwanga wa nanomita 240 kabla hujaiamini, na vaa glavu inaunguza kweli.

Maji yote, ya chuma, ya peroksaidi, na ya chumvi 100 mM iliyo na feritini, pitisha naitrojeni au agoni ndani yake kwa nusu saa mpaka saa nzima. Chombo cha kupikia kiwe nyuzi 65, pH 8.5, kinakorogwa taratibu, naitrojeni inapita juu muda wote. Anza kusukuma. Jicho moja kwenye pH, ikishuka chini ya 8.5 dondosha alkali, na kama una mashine ya kudondosha yenyewe mshukuru Mungu, mie miezi ya mwanzo nilikuwa nadondosha kwa mkono nikikaa pale kama mtu anayelinda mbuzi.

Rangi itakusimulia kila kitu. Inaanza wazi, dakika za kwanza inakuwa kama chai ya rangi, inakwenda kahawia, inamalizia kahawa nyeusi lakini ukiinua kwenye taa bado inapitisha mwanga na chini hakuna mchanga. Hiyo ni nzuri. Ikiwa rangi ya machungwa, kama kutu ya mabati ya pwani, oksijeni imeingia na umepika kutu. Ikiwa na mchanga mweusi chini, umesukuma haraka na chuma kimejenga nje ya mpira. Siku moja mtungi wa naitrojeni uliisha katikati, dakika ya 18, mie nimegeuka kuandika daftari, kurudi nakuta rangi ya pilau. Wiki 2 za protini. Tangu siku hiyo natazama geji ya mtungi kabla sijatazama kitu chochote kile, na hakuna ujanja mwingine nilionao wa maana kuzidi huo.

Ukimaliza weka maikrolita 200 za sodiamu sitreti 300 mM zikamate chuma kilichobaki kinaelea, acha ipoe, zungusha, chuja kwa chujio la maikromita 0.22, pitisha tena kwenye safu ya jeli.

Hatua ya tano: hakikisha kabla hujajisifu

Watu wanakimbilia kuweka sumaku pembeni ya chupa wapige video. Magnetoferitini nzuri haikimbilii sumaku ya mkononi! Kiini cha nanomita 6 au 7 ni kidogo mno, mtikisiko wa maji unaishinda. Ikiruka upande wa sumaku mara moja ujue zimegandana, usifurahi.

Pima chuma kwa ferozini, rangi inayoshika chuma, kwenye mwanga wa nanomita 562, protini kwa rangi ya Bradford, gawanya upate chuma kwa kila mpira, na kama uliweka 3,000 ukapata 3,900 basi umepoteza protini njiani. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga kiseme nanomita 12 au 13. Hadubini ya elektroni, kama kuna chuo kitakukaribisha, ndo mwisho wa ubishi, bila rangi unaona viini vyeusi tu, ukiweka rangi ya urani unaona na ganda jeupe limezunguka kila kimoja. Vitumbua kabisa.

Hatua ya sita: mashine

Huhitaji mtu wala mnyama. Tengeneza agari asilimia 1, ile inayotokana na mwani, gawa kwenye vichupa vidogo 6 vyenye chuma 0, 0.05, 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4 mM. Weka agari ikiwa imepoa kidogo bado haijaganda, na hakikisha hakuna povu, povu nalo linaleta weusi utadhani ni kazi yako. Omba nusu saa ya mashine usiku wasipokuwa na wagonjwa, mwambie fundi unataka spini eko yenye eko nyingi (multi-echo spin echo), ndo inayopima T2. Kwa kila kichupa pata T2, pindua iwe 1/T2, chora dhidi ya chuma. Mwinuko wa mstari ndo r2 yako, yaani nguvu ya chuma chako kuleta weusi. Kwa mfano kichupa cha bila chuma kikisoma 10 kwa sekunde na cha 0.2 mM kikisoma 20, basi r2 ni 50 kwa mM kwa sekunde. Ferumoxytol kwenye tesla 1.5 inatajwa karibu 80 hadi 90, hapo unajua umesimama wapi. Mstari ukipinda, rudi hatua ya tano, zimegandana.

Picha ile niliileta Lamu kwenye simu, vichupa 6 vimepangwa kutoka cheupe mpaka cheusi, nikamwonyesha shangazi, nikamwambia hivi ndo vitumbua vyangu. Akavaa miwani, akatazama sana. "Hivi vya mwisho," akasema, "umeviunguza."

Mambo yaliyobaki. Hii kitu haichomwi mtu. Imetoka kwenye E. coli na ina sumu ya ganda la bakteria ndani yake, kidogo tu inatosha kumpandisha mtu homa mbaya, na kuiondoa na kuthibitisha imeondoka ni kazi nyingine kabisa kabla hata ya kufikiria panya, achilia mbali binadamu, na panya wenyewe wanataka kibali. Iweke kwenye friji nyuzi 4, sio friza, ikiganda barafu inavunjika na kushikana, andika tarehe na chuma kwa kila mpira kwenye chupa yenyewe, sio kwenye kifuniko manake vifuniko vinabadilishana. Na ile chupa ya tope usiitupe, maji yakipungua ongeza ya bahari kidogo, yangu ina mwaka wa pili sasa iko chini ya ngazi na bakteria bado wanageuka.